Kinga Kwanza, Taa Baadaye

Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walizishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Habari hiyo ilinitia wazimu wa magari.

Nilipopata Datsun kuukuu, nilinunua taa nne kubwa nikazifunga mbele. Fundi alinisihi nianze na bamba la chuma la kukinga sampu; nikamcheka. Jiwe moja la njiani likatoboa sampu, oili ikamwagika, injini ikanoki. Niliziuza taa zote nikalipia matengenezo, na bamba likafungwa.

Vijana mlioko shuleni, kabla ya kununua pambo, mwulizeni fundi gari litaumia wapi.