SINDANO ISIYO NA DAWA: AKUPANCHA ILITOKA WAPI? (Sehemu ya 4)

Tuendelee na historia za tiba. Wiki hii inboksi imejaa swali moja: "Nesi, ile tiba ya Wachina ya kuchomwa visindano inafanya kazi kweli? Nina mimba, naruhusiwa?" Nitajibu, ila tuanze mwanzo, maana historia yenyewe ndiyo itakayokulinda.

Kitabu cha kale cha utabibu wa China, Huangdi Neijing, kina zaidi ya miaka 2,000. Kinataja sindano za aina 9, na nyingine zilikuwa kama visu, za kupasulia majipu na kutoa damu. Waganga waliamini kuna nguvu iitwayo "chi" inayopita mwilini kwenye njia zake, ikikwama unaumwa. Sindano ilikuwa ya kuifungulia.

Usidhani Wachina wenyewe waliikubali siku zote. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliifuta akupancha kwenye chuo cha utabibu cha ikulu. Miaka ya 1930 daktari Cheng Dan'an akaifufua. Alihimiza sindano nyembamba zilizo safi, na akasogeza sehemu za kuchoma mbali na mishipa ya damu. Kwa hiyo akupancha unayoiona leo ina mkono wake mkubwa.

Huku kwetu, timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na timu za namna hiyo mara nyingi huwa na daktari wa akupancha. Marekani wao walishtuka Julai 1971. Mwandishi wa New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing. Hapa sikilizeni vizuri, maana watu husimulia vibaya: alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida. Sindano alichomwa baada ya upasuaji, kwa sababu tumbo lilikuwa linamsumbua, akapata nafuu. Habari ilivyozunguka mdomo kwa mdomo, ikawa "kapasuliwa kwa sindano tupu". Ndivyo habari za tiba zinavyokuzwa, hata kwenye magrupu yetu.

Je, inafanyaje kazi? Chi haijawahi kuonekana kwenye kipimo chochote. Kinachojulikana ni kwamba sindano inaamsha neva, na mwili unatoa vituliza maumivu vyake wenyewe. Miaka ya 1970, kwenye baadhi ya majaribio, watu walipewa nalokisoni, dawa inayozuia nguvu ya mofini, na ile nafuu ikapungua.

Lakini kuna na hili. Mwaka 2007 Ujerumani walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,100 wenye maumivu ya mgongo. Baada ya miezi 6, waliopata akupancha halisi waliopata nafuu ni kama 48 kwa kila 100. Waliochomwa juu juu tu, sehemu zisizo za akupancha, 44. Waliopata tiba ya kawaida, 27. Maana yake sindano inasaidia maumivu, ila pale pa kuchoma huenda si siri kubwa kama tunavyoambiwa. Na kwa kichefuchefu cha mimba, jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 1997 lilisema huenda inasaidia.

Ukienda, utarajie nini? Utaulizwa historia yako, utalala, utachomwa sindano nyembamba karibu kama unywele. Utasikia kitu kizito au kama ganzi, si maumivu makali. Zinakaa dakika 15 hadi 30. Unaweza kutoka tone la damu, alama kidogo, au kizunguzungu, kwa hiyo usiende na njaa. Kwa kawaida huhitaji kurudi mara kadhaa.

Sasa yaliyo muhimu, mama:

1. Sindano iwe mpya, pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano iliyotumika inaweza kukuachia homa ya ini. Ukiambiwa "tumechemsha", nyanyuka uondoke. Huna haja ya kuona aibu.
2. Mchomaji awe amesomea na awe na kibali. Sindano ya kifuani ikizama inaweza kutoboa pafu.
3. Sema una mimba kabla hujalala kitandani, na sema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Waambie na wa kliniki yako.
4. Kutapika mpaka maji hayakai, kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mtoto kuacha kucheza: hayo si ya sindano. Ni hospitali, sasa hivi, hata kama ni usiku.

Akupancha ni msaidizi wa maumivu. Haitibu malaria, haishushi presha ya mimba, na haichukui nafasi ya kliniki. Anayekuahidi inaponya kila kitu anauza, hatibu.

Mtumie na mwenzako mjamzito. Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.