Sikinde, Msondo na Sisi Watu wa Kusini

Ndugu zetu wa Masasi na Newala,

Kila mwaka tunapokutana kwa harambee, hesabu zikishasomwa na chakula kikishaliwa, mazungumzo hurudi palepale: nani alikuwa mkali, Sikinde au Msondo? Mwaka huu tumeona tuiandike habari hiyo, kwa sababu nayo ni historia yetu.

Msondo ndiyo kongwe. Ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1977 ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka waliihama wakaingia Mlimani Park, yaani Sikinde. Tangu hapo mashabiki wakagawanyika kama wa Simba na Yanga.

Nyumbani tulizijua bendi hizo kupitia Redio Tanzania. Masasi chini ya milima ya mawe, Newala juu ukingoni mwa uwanda, redio ilikuwa moja na wasikilizaji wengi. Betri zikichoka tulizianika juani. Tulidhani nyimbo zile tunazijua zote. Kumbe tulijua nusu.

Nusu ya pili tuliikuta Dar es Salaam, kwenye kumbi kama DDC Kariakoo. Wimbo ulianza taratibu, maneno yakasikika, watu wakatulia. Kisha likaja chemko: gitaa la solo likapanda, tarumbeta na saksafoni zikajibizana, tumba zikakaza mwendo. Redioni wimbo huohuo uliisha kwa dakika chache. Ukumbini uliendelea kadiri wachezaji walivyoendelea. Wapenzi walipanda jukwaani kuwatunza waimbaji, na wimbo wa jana haukupigwa vilevile leo.

Wazee wetu hawakushangaa. Sindimba nayo haichezwi kwa kuangalia saa. Ngoma hukanzwa motoni, ikalia vizuri, na mpigaji humfuata mchezaji. Bendi zenyewe zilichukua majina ya mitindo yao kutoka ngoma za asili. Msondo ni ngoma ya unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na neno “ukae” lililoifuata lina maana ya nyumbani.

Kwetu kumbi zile zilikuwa nyumbani kweli. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika ikishaharibu barabara ya kusini, habari za msiba, za korosho na za ada ya mtoto tulizipata kwa mwenzetu tuliyekutana naye dansini. Michango mingi ya mwanzo ilianzia mezani pale.

Gurumo alifariki mwaka 2014. Nyimbo zake zimo katika maktaba ya redio, lakini usiku ule wa ukumbini haumo. Hata wapiga ngoma wetu wa vijijini wanaondoka hivyohivyo, mmoja mmoja. Sisi tunaoshika vitabu vya chama tunajua kwamba kisichoandikwa daftarini, mwakani hakuna atakayekiulizia.

Kwa hiyo tunaomba kwamba, pamoja na mchango wa madawati, litengwe fungu dogo la kuwarekodi wazee hao, Masasi na Newala, wakiwa bado na nguvu za kupiga. Na kama una kaseti uliyorekodi mwenyewe dansini, usiitupe. Njoo nayo siku ya harambee.