Yaya Akianguka Kazini

Somo la leo ni la historia, lakini tutaanzia nyumbani. Yaya amembeba mtoto, sakafuni pamemwagika maji, mguu unateleza. Mtu mwingine akianguka hutanguliza mikono. Mikono ya yaya ina mtoto, basi humkinga mtoto, naye huangukia kiwiko au nyonga. Mtoto hulia kidogo akanyamaza. Yaya amevunjika mkono. Je, siku asizoweza kufanya kazi atalipwa na nani?

Swali hili lilisumbua watu Uingereza zamani. Huko mfanyakazi aliyeumia alipaswa kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba kosa ni la tajiri wake, na wachache sana waliweza. Mwaka 1897 Bunge lao lilitunga sheria mpya: aliyeumia kazini alipwe fidia, hata kama tajiri hakukosa. Lakini sheria hiyo ilitazama reli, viwanda, migodi na majengo marefu kupita futi 30. Nyumba ya mtu haikutajwa. Na wakati ule wanawake zaidi ya milioni 1 walikuwa watumishi wa nyumbani, wakipanda na kushuka ngazi nyembamba, pengine mtoto begani na maji ya moto mkononi. Mwashi akianguka kutoka jukwaani aliweza kudai; yaya akianguka ngazini hakuwa na dai lo lote. Kana kwamba mfupa huuliza umevunjikia wapi!

Sheria ya 1906, iliyoanza kutumika Julai 1907, ndiyo iliyowaingiza watumishi wa nyumbani. Aliyeumia alipata nusu ya mshahara wake wa juma, isizidi pauni 1.

Waingereza walipotawala Tanganyika, sheria ya fidia ya namna hiyo ilifika huku pia. Siku hizi Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayechanga. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi.

Taabu ni hii: kiwandani wenzako wanakuona ukianguka. Nyumbani shahidi wa yaya mara nyingi ni mtoto asiyejua kusema. Kwa hiyo, kabla ya somo lijalo, kila mmoja aandike katika daftari lake mistari mitatu, kana kwamba ni yeye aliyeanguka: siku na saa; mahali na kilichomtelezesha; jina la mtu wa kwanza aliyeambiwa. Mwalimu wenu atasahihisha.