Nyanya wa Mpakani

Tarehe 1 Aprili, mwaka wa 1902, maelfu ya watu waliokaa kati ya Ziwa la Viktoria na Mlima Elgon waliamka wakiwa katika nchi nyingine, na hali hapana hata mmoja wao aliyekuwa amehama. Hadi siku ile nchi yao ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Tangu siku ile ikawa sehemu ya himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Sababu ilikuwa reli. Njia ya gari la moshi kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwezi wa Desemba, 1901, na Serikali ya Uingereza iliona yafaa reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Mwaka wa 1926 mpaka ule ukaandikwa upya kwa maneno ya sheria, mto kwa mto: Sio, Malaba, Lwakhakha, hata juu ya Mlima Elgon.

Wasamia wakajikuta wako ng'ambo zote mbili. Wateso vivyo hivyo. Hapo Malaba mpaka ni mto, na mtu auona. Lakini hapo Busia hapana mto wala kilima, ila mstari tu upitao kati ya maduka, na mgeni aweza kuuvuka bila ya kutambua.

Vitabu juu ya watu hawa vipo. Mwaka wa 1967 Gideon Were alitoa kitabu cha historia ya Waluhya wa magharibi ya Kenya, kazi iliyotegemea sana masimulizi ya wazee, nami huwahimiza wanafunzi wangu wakisome. Lakini kitabu cha namna ile sharti kishughulike na koo, na uhamaji, na vita. Hakina nafasi ya kueleza watu walipika nini jioni, wala watoto walilala wapi, wala fedha ya ada ya shule ilitoka wapi. Mambo hayo yamo katika nyumba za kina nyanya; na nyumba moja naijua vyema, kwa kuwa ndimo nilimolelewa.

Nyanya yangu alizaliwa kwa Wakhayo, si mbali na Busia. Mwaka wake haukuandikwa popote. Waluhya wana desturi nzuri ya kumpa mtoto jina la majira aliyozaliwa: Nafula ni msichana wa mvua, Naliaka ni wa palizi, Nekesa ni wa mavuno, na Nanjala ni wa njaa. Mtu aweza kudhani kwamba kalenda hii yatosha, lakini haitoshi, maana hueleza mwezi bila ya kueleza mwaka. Kwao walisema kwamba yeye alizaliwa wakati wa njaa. Njaa gani? Kila mwaka ina miezi yake, kabla ya mavuno, ambapo ghala huwa tupu. Na tena kuna njaa kubwa zinazokumbukwa na nchi nzima, kama ile ya mwaka wa 1942 na 1943. Dada yake mkubwa, ambaye wakati ule alikuwa tayari akichunga mbuzi, alikumbuka kwamba vijana wa kijiji waliokwenda vitani walikuwa hawajarudi. Kwa ushahidi huo nakubali mwaka wa 1943. Karani aliyemwandikia kitambulisho alikubali mwingine, na nyanya hakubishana naye.

Mwaka wa 1961 aliolewa katika mji wa Wateso karibu na Malaba, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka kwao. Ng'ombe wa mahari waliswagwa kwa miguu hata Busia. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa kabla yake, naye pia kwa Wateso, lakini ng'ambo ya mto, upande wa Tororo. Wakati ule jambo hilo halikuwa na uzito wowote. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba, 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba, 1963. Na katika muda wote huo dada wawili hawa walitembeleana kwa kuvuka mto wakati wa kiangazi, vikapu vichwani, kama watu wanaovuka shamba la jirani.

Alijifunza Kiteso kwa mama mkwe wake, jikoni. Hata uzeeni alihesabu karanga kwa Kikhayo na kukemea kuku kwa Kiteso. Sisi wajukuu wa Malaba tulimwita tata, ambalo ni neno la Kiteso. Wajukuu wa kaka zake walipokuja kutoka Busia walimwita kukhu. Naye aliitikia yote mawili. Chakula cha jioni kilikuwa kimoja kwa pande zote: ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo, mzito, wa rangi ya kahawia, pamoja na kunde au mrenda, na siku ya furaha mboga iliungwa kwa karanga zilizopondwa. Wasichana wote wa mji walilala nyumbani kwake, kama ilivyokuwa desturi, na hapo usiku ndipo vitendawili na hadithi zilipotolewa. Mchana hakukubali kusimulia hata hadithi moja, akisema kwamba mchana una kazi zake.

Kazi yake ya sifa ilikuwa pombe ya wimbi, ambayo Wateso huiita ajon. Naieleza kwa kirefu kidogo, kwa maana ndiyo iliyotusomesha. Wimbi moja huloweshwa mpaka liote, likaanikwa, likasagwa kuwa kimea. Wimbi jingine husagwa unga, unga hukandwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto mkali mpaka harufu yake ifike barabarani. Ndipo viwili hivyo huchanganywa na maji. Wazee huketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kila mara kinywaji kinapopungua. Kazi hii ilimchukua juma zima na zaidi, na moshi wake ulimharibu macho. Lakini faida ya mitungi miwili ilitosha sare ya mtoto mmoja, na ya mingine ilikwenda katika ada na michango ya shule. Padri alipohubiri juu ya ulevi, nyanya alisikiliza kwa heshima, akarudi nyumbani akawasha moto.

Fedha aliifunga katika pindo la kanga. Mwanzoni fedha hiyo ilikuwa moja kwa pande zote mbili za mto: tangu miaka ya 1920 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi ya Afrika ya Mashariki, na sarafu ndogo zilikuwa na tundu katikati, hata wanawake waliweza kuzitunga katika uzi. Mwaka wa 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha yake. Kwa muda shilingi ya Kenya na ya Uganda zilikuwa na thamani sawa, na wanawake wa sokoni walizipokea zote bila ya kujali. Baadaye hazikuwa sawa tena, na nyanya akaanza kufunga mafundo mawili: fundo la Kenya upande wa kulia, na fundo la Uganda upande wa kushoto. Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya kuvunjika kwa umoja wa fedha wa Afrika ya Mashariki. Sijui kama yuko aliyeutaja ukindo wa kanga wenye mafundo mawili, lakini mimi ndivyo nilivyoielewa habari hiyo kwanza.

Mambo yalizidi kuwa mabaya baada ya Idi Amin kutwaa serikali ya Uganda, tarehe 25 Januari, 1971. Mwaka wa 1972 aliwafukuza Wahindi waliokuwa na maduka na viwanda, na baada ya muda si mrefu sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu Uganda. Mwezi wa Februari, 1976, Amin alitamka kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda, akitaja ile ardhi iliyohamishwa zamani za Waingereza. Basi karatasi ya mwaka wa 1902, ambayo watu wa kijijini hawakuwahi kuiona, ikageuka kuwa tishio la vita. Wanaume walikaa barazani wakizungumza habari za vifaru. Nyanya alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine: dada yake hakuwa na chumvi.

Hapo ndipo magendo yalipoingia nyumbani. Baridi kali ilikuwa imeharibu mibuni ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya kahawa duniani ikapanda sana, na kahawa ya Uganda ikawa yavushwa usiku kuingia Kenya, ambako wakulima walilipwa fedha yenye thamani. Chepkube, chini ya Mlima Elgon, pakawa soko lenye sifa mbaya na utajiri wa ghafula. Serikali ya Amin iliweka mahakama ya makosa ya uchumi, na adhabu yaweza kufika kifo. Wako waliotajirika, nao wajulikana kwa nyumba zao za matofali. Lakini msomaji asidhani kwamba kila aliyevuka mto usiku alikuwa mfanyabiashara. Nyanya alipeleka chumvi, sabuni na mafuta ya taa, kidogo kidogo, akarudi na muhogo mkavu au bila ya kitu. Mbele ya sheria mwanamke huyo na mwenye magunia mia walikuwa wametenda kosa moja. Mimi siwezi kuwaweka katika kapu moja, na nadhani mwandishi wa historia naye hapaswi.

Amin aliondolewa mwezi wa Aprili, 1979. Amani ya mpakani haikurudi mara moja. Mwezi wa Desemba, 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi hapo Busia, na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa. Jamaa za nyanya kutoka Busia wakaja Malaba kwa miguu na magodoro yao. Aliwapokea watu kumi na mmoja, akawalisha kwa akiba ya mbegu ya karanga. Na mwaka uliofuata hakupanda karanga.

Adui mkubwa kuliko hawa wote hakubeba bunduki. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala yapita Malaba, na madereva wa malori walilala hapo siku nyingi wakingoja karatasi za forodha. UKIMWI ulifuata barabara hiyo, ukaingia Busia na Malaba, kisha vijijini. Kenya iliutangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba, 1999. Wakati huo nyanya alikuwa amekwisha kuzika watoto watatu, na mmoja wao alikuwa mama yangu. Alibaki na wajukuu saba. Wawili kati yao walikuwa watoto wa binti yake aliyeolewa Uganda, nao walizaliwa huko. Alipowapeleka katika shule moja ya upande wetu aliulizwa hati za kuzaliwa, naye hakuwa nazo. Akaambiwa awarudishe kwao. Aliuliza, "Kwao ni wapi, mwalimu, na mimi niko hapa?" Akarudi siku ya pili, na ya tatu, akaketi chini ya mti mbele ya ofisi na watoto wake wawili, tangu asubuhi hata kengele ya jioni. Siku ya nne waliandikwa. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, mwaka wa 2003, mmoja wao alikuwa darasa la nne. Siku hiyo nyanya alipumzika pombe. Baada ya juma mbili akaianza tena, maana sekondari haikuwa bure.

Serikali nazo zimejaribu kuulainisha mpaka. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyovunjika mwaka wa 1977, iliundwa upya kwa mkataba wa mwaka wa 1999. Tangu mwaka wa 2014 Mkenya na Mganda waweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na mwezi wa Februari, 2018, marais wa nchi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, ambapo msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Wenye baiskeli wa Busia, ambao zamani waliwabeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha na ndio walioipa Afrika ya Mashariki neno boda boda, siku hizi wana pikipiki. Nyanya alipanda moja mwaka ule, akiwa na kuku mapajani, akafika kwa dada yake kabla ya chai.

Mwezi wa Machi, 2020, kwa sababu ya korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria. Malori yaliruhusiwa, foleni yake hapo Malaba ilienea kilomita nyingi. Sukari na saruji zilivuka, na nyanya hakuweza kuvuka. Dada yake alifariki mwezi wa Julai. Kwa Wateso na kwa Waluhya kutofika mazikoni kwa ndugu wa tumbo moja ni jambo zito, ambalo hutafutiwa sababu kwa miaka. Mjukuu mmoja wa ng'ambo alishika simu karibu na kaburi, na nyanya akasikiliza uani pake, amevua viatu, mpaka sauti ya majembe ilipokwisha.

Mipaka ilipofunguliwa mwezi wa Oktoba, alikwenda. Alichukua unga wa wimbi, karanga, na fundo moja tu la fedha, la Uganda. Alikaa huko majuma mawili, akapalilia shamba la muhogo la marehemu, akagawanya vyungu vyake kwa mabinti. Aliporudi alikuwa na msichana wa miaka sita, kitukuu cha dada yake, aliyekosa wa kumlea. Safari hii alikuja na hati ya kuzaliwa, ameifunga katika mfuko wa plastiki na kuitia kifuani.