Kosa Lisilofichwa

Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alitoa chanjo ya kichaa cha mbwa kutokana na uti wa mgongo wa sungura. Wengi waliokoka, lakini wachache walipooza baada ya sindano zile zile. Mwaka 1933, mjini New York, Thomas Rivers aliwadunga kima ubongo wa sungura mara nyingi, na baadhi wakalegea viungo. Baadaye ikadhihirika: kinga ya mwili yaweza kumgeukia mwenyewe. Mwaka 2021, Uğur Şahin, mzaliwa wa Uturuki, na wenziwe wa Ujerumani walieleza chanjo iliyoifundisha kinga ya panya isiushambulie utando wa mishipa ya fahamu. Kwa binadamu bado haijathibitishwa. Lakini lau kupooza kule kungefichwa, mlango huu ungefunguliwa na nani?