Miaka Isiyokuwa na Mlinzi

Katika vijiji vya Wazaramo, nyuma ya Dar es Salaam, msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani. Hakutoka mchana, hakuonwa na wanaume, na kwa wengine hali hiyo ilidumu miezi mingi, hata kupita mwaka. Aliyemfundisha ni kungwi, au shangazi, au bibi. Siku ya kumcheza mwali ikifika, ngoma ilipigwa, akatolewa nje kwa shangwe, na mara nyingi mposaji alikuwa ameshajulikana. Hakukuwa na kidonge wala kitanzi. Ukuta wa nyumba na macho ya wanawake wazima ndivyo vilivyokuwa kinga yake.

Waliooana nao walikuwa na utaratibu wao wa kupanga uzazi. Mama mwenye mtoto wa ziwa hakulala na mumewe, kwa kuogopa kumbemenda mtoto: angedhoofika, akachelewa kutembea, na majirani wangejua sababu. Wauguzi wa leo hawaikubali imani hiyo, lakini matokeo yake yalikuwa dhahiri. Mtoto mmoja na mwenzake waliachana miaka miwili au mitatu.

Sisemi kwamba mambo yale yalikuwa mazuri. Kumfungia mtoto wa miaka 13 chumbani mwaka mzima ni jambo gumu kulitetea. Ninachotaka kionekane ni kwamba kati ya kuvunja ungo na kuolewa palikuwa na muda mfupi, na muda huo ulikuwa na mwenyewe. Kila mtu kijijini alijua nani anamlinda msichana na nani ataulizwa akipata mimba.

Shule ndiyo iliyourefusha muda huo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto wa Tanzania aingie darasani, na kufikia mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeenea nchi nzima. Wasichana ambao mama zao waliwekwa ndani sasa walikuwa wanakimbia mchakamchaka asubuhi. Lilikuwa jambo kubwa na jema. Lakini msichana aliyevunja ungo akiwa darasa la sita, na ambaye asingeolewa mpaka amalize masomo, alikuwa na miaka mitano, sita, hata kumi mbele yake. Kungwi hakupewa nafasi shuleni. Mwalimu hakuagizwa kuchukua kazi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa upande wake, iliendelea kumruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na kwa familia nyingi hilo ndilo lililobaki kuwa jibu.

Uzazi wa mpango wa kitaalamu ulikuwa umeshafika nchini. Mwaka 1959 wahudumu wa kujitolea walianzisha Dar es Salaam chama ambacho baadaye kilijulikana kama UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Mwaka 1969, alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alizungumzia wajibu wa wazazi kuzaa watoto watakaoweza kuwalea na kuwasomesha. Katika miaka ya 1970 huduma ikaingia kwenye kliniki za serikali za mama na mtoto. Vidonge vya majira, sindano na kitanzi vikawa maneno ya kawaida kwa wanawake.

Ila tazama huduma hiyo iliwekwa wapi. Iliwekwa pale mtoto anapopimwa uzito kwenye mizani ya kuning'iniza, mama akiwa na kadi mkononi, asubuhi, wakati wanafunzi wako darasani. Msichana wa miaka 16 angeketi kwenye benchi lile lile na mama mdogo wake, na mke wa mwalimu wake, na mama wa kijana anayempenda. Akifika mbele ya muuguzi, swali la kwanza lingekuwa: una watoto wangapi? La pili: mume wako anajua? Aliyekuwa hana jibu la swali lolote kati ya hayo alirudi nyumbani mikono mitupu. Uchunguzi uliofanywa vituoni miaka ya 1990 ulithibitisha hivyo: wahudumu wengi walikuwa wanaweka masharti yao wenyewe ya umri, ya ndoa na ya idadi ya watoto.

Miaka hiyo ya 1990 ndiyo iliyokuwa na matumaini makubwa. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*, uliohimiza uzazi wa mpango. Watu walimjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyechoka kuvumilia. Kwa miaka miwili mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walionekana kuongea zaidi na wenzi wao na kwenda zaidi kliniki. Halafu mwaka 1994, mwaka wa mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu, Wizara ya Afya ikatoa mwongozo ulioandika wazi kwamba kila mwenye umri wa kuzaa, vijana wa rika la balehe wakiwemo, ana haki ya kupata elimu na huduma ya uzazi wa mpango, awe ameoa au kuolewa au la, awe na watoto au hana.

Mwongozo huo ulikuwa wa Wizara ya Afya. Wizara ya Elimu ilikuwa na njia yake. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 hazikutaja mimba kwa jina. Zilitaja kosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa, na wakuu wa shule wakaihesabu mimba kuwa kosa hilo. Katika shule nyingi wasichana walipangwa mstari, wakabonyezwa matumbo au wakapewa vichupa wajaze mkojo. Aliyekutwa na mimba alifunga madaftari yake siku hiyo hiyo. Kipimo cha mimba kilifika shuleni, kinga haikufika. Mpaka leo naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia hii.

Shule za kata, zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zilifungua sekondari kwa mamilioni, nyingi zikiwa hazina bweni. Msichana akatembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi, au akapanga chumba, geto, akijipikia mwenyewe akiwa na miaka 15. Lifti ya bodaboda na sahani ya chipsi vikawa na bei. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Juni 2017, mkoani Pwani, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021, miezi minane baada ya kifo chake, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurudi. Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu 1994.

Kinga zenyewe zimebadilika sana katika muda huo. Kijiti, ambacho hulingana na njiti ya kiberiti, huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu na huzuia mimba kwa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Sindano hudungwa kila baada ya miezi 3. Kidonge cha dharura, ambacho vijana hukiita P2, hutakiwa kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri kinavyowahi ndivyo kinavyosaidia zaidi. Kondomu pekee ndiyo inayozuia mimba na pia Virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani linasema umri peke yake, au kutowahi kuzaa, si sababu ya kumnyima mtu njia yoyote kati ya hizi. Ile hofu kwamba kijiti huharibu kizazi haina msingi: kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sindano ndiyo inayoweza kuuchelewesha kwa miezi kadhaa, na muuguzi anapaswa kulisema hilo kabla ya kuchoma.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha mwendo usionyooka. Mwaka 2010, wasichana 23 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2015–16 walikuwa 27. Mwaka 2022 walikuwa 22. Kwa upande wa sheria, Mahakama Kuu, mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Mwaka mmoja mwingine ukapita, sheria ikiwa vile vile. Na kwenye zahanati, yale maswali mawili bado huulizwa pale ambapo hakuna chumba cha vijana wala saa za mchana baada ya masomo, ijapokuwa mwongozo wa 1994 ulikwisha kuyafuta.