Kompyuta Iliyofundishwa Kumchuja Mkandarasi

Tuseme unajenga daraja. Kazi utampa nani: aliyetaja bei ya chini kabisa, au aliyethibitisha kwamba kazi anaiweza? Kwa muda mrefu, sheria nyingi za zabuni za umma Marekani zilijibu hivi: mpe wa bei ya chini, mradi awe na uwezo na uaminifu. Sawa, lakini uwezo unaupimaje?

Unaangalia mtaji, mitambo, wahandisi, usalama, miradi aliyomaliza na ile bado iko mkononi. Ujuzi wa kuyapima haya yote kwa pamoja ulikaa vichwani mwa wakongwe wachache. Wakistaafu, unaondoka nao.

Dawa ilitoka hospitalini. Miaka ya 1970, Edward Shortliffe na wenzake Chuo Kikuu cha Stanford waliunda MYCIN, programu ya kushauri tiba ya maambukizi ya bakteria. Ilibeba mamia ya kanuni za “kama hivi, basi vile” zilizochotwa kwa madaktari, na ukiiuliza sababu, inakuonyesha kanuni iliyotumia. Programu za aina hii zikaitwa mifumo ya kitaalamu.

Wahandisi wakaona: kumbe hata sisi tunaweza! Mwaka 1990, Jeffrey Russell na Mirosław Skibniewski, pamoja na mwenzao, walichapisha QUALIFIER-1 na QUALIFIER-2. Ya kwanza ilitoa alama kwa kila kigezo, ikazidisha kwa uzito wake na kujumlisha. Ya pili iliongozwa na kanuni za wataalamu.

Tofauti si ndogo. Chukua mkandarasi mwenye mitambo mizuri ila madeni yamemfika shingoni. Kwenye kujumlisha, alama za mitambo zinaweza kufunika madeni, akapita. Kanuni moja tu, “kama hawezi kulipa madeni yake, basi aondolewe”, inamsimamisha mlangoni.

Mifumo hii ilikuwa na udhaifu. Kumchota bingwa maarifa ni kazi ngumu, kwani mengi anayajua bila kuweza kuyaeleza, na soko likibadilika kanuni zinachakaa.

Lakini usiicheke. Leo akili mnemba inaweza kupanga wazabuni kwa sekunde chache, na mara nyingi haiwezi kukueleza vizuri imefikaje hapo. Aliyekosa zabuni ya fedha za umma anastahili kuambiwa kwa nini. Programu ya 1990 ilikuwa na jibu la kumpa.